Kumfuata Mume Ughaibuni: Nikaha, Cheti na Amana ya Kalamu

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Maswahaba wake na kila aliyefuata mwendo wao kwa wema.

Hasamba ni katika sehemu za wilaya ya Mbozi, nchi ya kahawa, katika mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Barabara kuu na reli ya TAZARA hupita wilayani humo kuelekea Tunduma, na ukivuka mpaka pale umeshaingia Nakonde, Zambia. Kwa hiyo safari si jambo geni kwa watu wa huku. Vijana huondoka, wengine Lusaka, wengine Afrika Kusini, wengine Uarabuni, na wachache hufika Ulaya na Marekani. Huko hupata kazi, kisha hurudi nyumbani kuoa. Nikaha inafungwa, pilau inaliwa, dua inasomwa, na baada ya wiki tatu bwana harusi anapanda basi kurudi alikotoka. Bibi harusi anabaki kwa wazazi wake akisubiri visa.

Hapo ndipo mambo mengi hukwama. Mara nyingi kilichokwamisha si fedha wala chuki ya afisa wa ubalozi, bali ni makosa yaliyofanyika siku ile ile ya nikaha, katika kitabu kilichoandikwa na Imamu. Katika makala haya tunakusudia kueleza, kwa idhini ya Allah, sheria yetu inasemaje juu ya mke anayeomba visa ya kumfuata mumewe, taratibu za nchi zinataka nini, na wajibu wa Maimamu wetu ni upi.

MIFANO KATIKA SIRA

Kutenganishwa mume na mke kwa sababu ya mipaka ya watu si jambo lililoanza leo. Abu Salama (r.a.) alipotaka kuhama kwenda Madina alimpandisha mkewe, Ummu Salama (r.a.), juu ya ngamia pamoja na mtoto wao Salama. Jamaa wa mke, Banu Mughira, wakamzuia binti yao asiondoke. Jamaa wa mume, Banu Abdil-Asad, nao wakaona kuwa mtoto ni wao, wakamnyang'anya. Wote watatu wakawa mbalimbali. Ummu Salama alikuwa akitoka kila asubuhi kwenda kukaa Abtah na kulia mpaka jioni, kwa muda wa mwaka mmoja au karibu yake. Mwisho ndugu yake mmoja alimhurumia, akawasemesha watu, akaachiwa na kurudishiwa mwanawe. Alipofika Tan'im alikutana na Uthman bin Talha, ambaye wakati huo alikuwa hajasilimu, naye akamsindikiza kwa heshima kubwa mpaka Quba.

Mfano wa pili ni wa Ummu Habiba (r.a.), binti wa Abu Sufyan. Alikuwa mhamiaji katika nchi ya Uhabeshi, akafiwa na mumewe huko. Mtume (s.a.w.) alimtuma Amr bin Umayya kwa Najashi kumposea. Ummu Habiba akamuwakilisha Khalid bin Said, nikaha ikafungwa Uhabeshi hali Mtume (s.a.w.) yuko Madina, na Najashi akatoa mahari, ambayo kwa riwaya mashuhuri ni dinari 400. Kisha bibi harusi akasafirishwa mpaka kwa mumewe akiwa pamoja na Shurahbil bin Hasana. Hapa tunaona uwakilishi, mahari inayojulikana, mashahidi, ujuzi wa mtawala wa nchi, na msindikizaji mwaminifu. Hakuna kilichofanywa kwa kificho.

Mfano wa tatu huenda ukawashangaza wasomaji wetu. Baada ya suluhu ya Hudaybiya, mwaka wa 6 Hijria, wanawake walianza kuja Madina kutoka Makka, miongoni mwao Ummu Kulthum binti Uqba. Allah (s.w.) akateremsha katika Suratul-Mumtahina, aya ya 10, amri ya kuwafanyia mtihani wanawake waumini wanaokuja wakihama. Wanazuoni wa tafsiri wamepokea kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) kuwa mwanamke alikuwa akiapishwa kwamba hakutoka kwa kumchukia mumewe, wala kwa kupenda tu ardhi nyingine, wala kwa kutafuta dunia. Basi nchi kumhoji mgeni juu ya sababu ya kuja kwake si uonevu kwa asili yake. Mwislamu anayehojiwa na afisa wa visa asione kuwa amedhalilishwa. Analotakiwa ni kusema kweli.

NIKAHA KAMILI NA CHETI KAMILI

Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea kwetu, nguzo za nikaha zinajulikana: mume, mke, walii, mashahidi wawili waadilifu, na tamko la kuozesha na kukubali. Zikitimia hizo, mke ni halali ya mumewe mbele ya Allah, hata kama hakuna karatasi hata moja. Hili halina shaka.

Lakini kuna Waislamu wanaokomea hapo na kusema kuwa karatasi ni mambo ya serikali tu. Hilo ni kosa. Allah (s.w.) katika Suratul-Baqara, aya ya 282, ametuamrisha kuandika madeni na kumtaka mwandishi aandike kwa uadilifu bila kupunguza kitu. Ikiwa deni la fedha linaandikwa ili haki isipotee, itakuwaje mkataba ambao katika Suratun-Nisaa, aya ya 21, umeitwa ahadi nzito? Cheti ndicho kitakachomlinda mke katika nafaka, katika mirathi, katika nasaba ya watoto, na leo hata katika kuishi na mumewe.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania, Namba 5 ya mwaka 1971, inaitambua ndoa iliyofungwa Kiislamu. Inataka taarifa ya kusudio la kuoana itolewe siku 21 kabla, ndoa ifungishwe na mwenye ruhusa ya kisheria, na iandikwe katika rejista. Usajili huo uko chini ya RITA. Ubalozi hauombi barua ya msikiti wala picha za harusi peke yake. Unaomba cheti kilichosajiliwa. Sheikh asiye na ruhusa anayewaozesha watu kisha akawapa karatasi aliyoichapisha mwenyewe amewaozesha kwa sheria ya dini, lakini amemwacha binti wa watu hana cha kuonyesha.

Yapo mambo manne ambayo Imamu lazima ayaangalie kabla ya kushika kalamu.

Jambo la kwanza ni majina. Katika Mbozi Waislamu si wengi, na wapo mabinti wanaosilimu wakiwa wakubwa. Cheti cha kuzaliwa na pasipoti vinasema Anna, na cheti cha ndoa kinasema Aisha. Kwetu anajulikana, lakini kwa afisa aliye mbali hao ni watu wawili. Tuelewe kuwa Uislamu haumlazimishi aliyesilimu kubadili jina lake isipokuwa kama lina maana mbaya, kwani Mtume (s.a.w.) aliyabadilisha majina ya namna hiyo na kuwaacha Maswahaba wengi na majina yao ya zamani. Kwa hiyo cheti kiandikwe jina lililo katika pasipoti. Akitaka jina jipya kisheria, alibadilishe kwanza kwa hati iliyosajiliwa, kisha nyaraka zote zifuate jina hilo moja.

Jambo la pili ni walii. Baba asiye Mwislamu hawi walii wa binti yake Mwislamu katika nikaha. Ikiwa hana ndugu wa kiume Mwislamu anayestahiki, uwalii unahamia kwa hakimu wa Kiislamu au anayesimama mahali pake. Hili halina maana ya kumdharau mzazi. Apewe taarifa, aombwe radhi, na ahudhurie akipenda. Na katika kumbukumbu za msikiti iandikwe wazi ni nani aliyeozesha na kwa sababu gani, ili kesho asije mtu kudai kuwa binti aliozwa na asiyehusika.

Jambo la tatu ni ndoa zilizopita. Mke aliyeachwa au mume aliyewahi kuoa anatakiwa na ubalozi kuthibitisha kuwa ndoa ile imekwisha. Kwetu talaka ikitamkwa na eda ikaisha, mambo yamekwisha. Lakini chini ya sheria ya 1971, kifungu cha 107, Waislamu waliooana Kiislamu hupita kwanza katika baraza la usuluhishi. Baraza likithibitisha kuwa limeshindwa kusuluhisha, na talaka ikatolewa baada ya hapo, mahakama ndiyo inayotoa hukumu ya kuvunja ndoa. Mwenye karatasi ya talaka ya sheikh pekee bado anahesabika katika rejista kuwa ni mke wa fulani. Tunawanasihi Maimamu wasiwaozeshe watu wa hali hii kwa haraka kisha wakawaachia tatizo.

Jambo la nne ni nikaha ya wakala na ya simu. Kuwakilisha ni halali, na kisa cha Ummu Habiba (r.a.) ni dalili. Ama kufunga nikaha kwa simu, Baraza la Fiqhi la Kiislamu katika kikao chake cha sita, Jiddah, mwezi wa Machi 1990, lilipopitisha mikataba inayofungwa kwa vyombo vya mawasiliano, liliitoa nikaha kwa sababu ya sharti la mashahidi. Zaidi ya hapo, sheria ya uhamiaji ya Marekani haiitambui ndoa ambayo mmoja wa wanandoa hakuwepo mbele ya mwenzake wakati wa kuifunga, mpaka wawe wamekutana kimwili baada ya akdi. Mume anayeoa kwa wakala akiwa mbali, kisha akaomba visa kabla hajafika kwa mkewe, ombi lake halitasimama. Basi ni bora afunge safari na kuja kuoa mwenyewe.

MWOMBAJI ANAYEISHI NJE YA NCHI YAKE

Tuchukue mfano. Kijana mzaliwa wa Hasamba alikwenda Marekani masomoni, akakaa, akachukua uraia wa huko. Kwa kuwa Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, sasa yeye ni Mmarekani tu. Amepata kazi Lusaka, ameoa binti wa kwao, na wanaishi pamoja Zambia. Wanataka kuhamia Marekani. Waanzie wapi?

Hatua ya kwanza ni mume kuwasilisha ombi, Fomu I-130, la kuthibitisha kuwa huyu ni mkewe. Zamani Mmarekani aliyeishi nje aliweza kulipeleka katika ofisi ya uhamiaji ya nchi yake iliyokuwa karibu naye. Tangu tarehe 1 Februari 2020 utaratibu huo uliondolewa isipokuwa kwa dharura maalumu, na maombi hupelekwa Marekani kwenyewe, kwa posta au kwa intaneti. Likikubaliwa, jalada huenda Kituo cha Taifa cha Visa, ambako hukusanywa ada na nyaraka, kisha mke huitwa kwa mahojiano ubalozini.

Nyaraka za mke ni pasipoti, cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, uthibitisho wa kumalizika kwa ndoa za nyuma kama zilikuwepo, vipimo vya daktari aliyeteuliwa na ubalozi, na hati ya polisi ya tabia njema. Kwa anayeishi ugenini, hati ya polisi haitoki nchi ya kuzaliwa peke yake. Hutakiwa pia ya nchi anayoishi sasa kama amekaa huko zaidi ya miezi 6, na ya nchi nyingine yoyote aliyowahi kuishi miezi 12 au zaidi baada ya kufikia umri wa miaka 16. Binti wa mfano wetu, kama amekaa Lusaka zaidi ya miezi 6, atahitaji ya Tanzania na ya Zambia. Wengi hulijua hili wakiwa wameshachelewa.

Mume naye hutia saini dhamana ya matunzo, akithibitisha kuwa kipato chake ni angalau asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kilichowekwa na serikali ya Marekani. Akipungukiwa anaweza kupata mdhamini mwenza. Lakini kuna sharti ambalo mdhamini mwenza haliondoi: mume awe na makazi Marekani. Anayeishi Lusaka lazima aonyeshe kuwa makazi yake hayajakatika, au kuwa anarudi kweli kuyaweka upya kabla ya mkewe kuingia au pamoja naye: akaunti ya benki, kodi alizolipa, nyumba aliyopanga, kazi aliyoitafuta. Wanafunzi wa fiqhi hawataliona hili kuwa geni. Tumesoma kuwa hukumu ya msafiri na mkaazi hufuata nia ya kukaa. Tofauti ni kuwa nia ya kusali kasri anaijua Allah, na hii ya visa inataka ushahidi.

Ikiwa siku mke anapoingia Marekani ndoa haijatimiza miaka miwili, hupewa ukaazi wa masharti wa miaka miwili. Katika siku 90 za mwisho, mume na mke huomba pamoja masharti yaondolewe, wakionyesha kuwa bado wanaishi kama mume na mke.

Inapasa tuseme pia kuwa milango hii hufungwa na kufunguliwa. Kwa tangazo la Rais wa Marekani la tarehe 16 Desemba 2025, Tanzania na Zambia ziliwekwa katika orodha ya nchi ambazo raia wake walizuiliwa kupewa visa za uhamiaji kuanzia tarehe 1 Januari 2026, na safari hii wake na waume wa raia wa Marekani hawakutolewa katika zuio hilo kama ilivyokuwa katika tangazo la Juni 2025. Mwenye kuomba aulize hali ilivyo siku anayoomba, na asimlipe mtu anayemwahidi njia ya mkato.

VISA NI AHADI

Wanazuoni wetu waliandika zamani juu ya Mwislamu anayeingia nchi ya wengine kwa amani aliyopewa na watu wake. Walisema kuwa haifai kwake kuwahini katika mali zao wala nafsi zao, kwa sababu wamempa amani kwa sharti la yeye kutowadhuru. Visa ya leo ni katika jinsi hiyo, na aya ya kwanza ya Suratul-Maida inatuamrisha kutimiza mikataba. Anayeomba visa ya matembezi huku nia yake ni kuhamia amesema uongo kwa maandishi.

Kubwa kuliko hilo ni ile inayoitwa ndoa ya karatasi. Mtu analipwa fedha amuoe mtu ili apate makaratasi, kisha kila mmoja aende zake. Wanaofanya hivyo hudhani wanacheza na serikali. Katika hadithi mashuhuri Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa mambo matatu, uzito wake ni uzito na mzaha wake ni uzito: nikaha, talaka na kurejea. Ikiwa nguzo zimetimia, yule ni mkeo, ana haki ya mahari na nafaka, mtarithiana, na akiolewa na mwingine kabla ya talaka na eda atakuwa katika haramu. Na kwa sheria ya Marekani, aliyethibitika kuingia katika ndoa ya namna hiyo hazuiliwi mara moja tu; maombi ya visa ya kifamilia atakayoombewa baadaye hukataliwa, hata kama ndoa ya pili ni ya kweli.

Hukumu hiyo hiyo inamgusa mwenye wake wawili. Marekani hawamhesabu mke wa pili. Baadhi ya watu humwandikia mke mmoja talaka mahakamani huku wakimwambia kuwa si talaka ya kweli. Huu ni mchezo wa hatari. Akiitamka talaka kwa lafudhi iliyo wazi, imepita, hata akisema moyoni alikuwa na mengine. Akiiandika tu bila kutamka, madhehebu yetu yanatazama nia yake. Lakini huyo atakuwa ameidanganya mahakama, na mke hatajua yuko upande gani. Mwenye wake wawili aseme kweli, na apange maisha ambayo hayatamdhulumu yeyote.

MKE ANAYESUBIRI

Tumeacha jambo zito kuliko yote mwisho. Visa inaweza kuchukua mwaka, miwili, au isipatikane kabisa. Na mke yuko Hasamba.

Sayyidna Umar (r.a.), katika mzunguko wake wa usiku, alimsikia mwanamke akilalamikia kukosekana kwa mumewe aliyekuwa vitani. Alimwendea binti yake Hafsa (r.a.) na kumuuliza mwanamke anaweza kumsubiri mumewe kwa muda gani. Akajibiwa miezi minne, na katika riwaya nyingine miezi sita, naye akaufanya huo kuwa muda wa askari kukaa mbali na wake zao. Pia aliwaandikia makamanda wake juu ya wanaume walio mbali, ama wapeleke nafaka au waache. Kutokana na athari hizi, wanazuoni wa Kihanbali wamempa mke haki ya kushitaki ikiwa mume amekaa mbali zaidi ya miezi sita bila udhuru. Na kwa Shafi, mke ambaye mumewe ameshindwa kumpa nafaka ana njia ya kwenda kwa kadhi kuvunja nikaha.

Allah (s.w.) katika Suratun-Nisaa, aya ya 129, amekataza mke kuachwa kama aliyetundikwa, si mwenye mume wala si mjane. Kusubiri visa ni udhuru wa kurefuka kwa safari, lakini si udhuru wa kukata nafaka, wala wa kunyamaza miezi. Mume atume matumizi, apige simu, arudi kila anapoweza. Na ikiwa njia ya kwenda imefungwa, ajiulize swali ambalo wengi hulikwepa: je, mimi siwezi kurudi? Visa ni njia mojawapo ya mume na mke kuishi pamoja. Lusaka, Tunduma na Hasamba pia ni mahali pa kuishi.

Kwa hiyo tunawausia Maimamu wetu. Kabla ya nikaha ya kijana anayeishi nje, mkae naye pamoja na walii, mwulize mambo matatu: ana mke mwingine, ana uwezo gani wa kumchukua mkewe, na ikishindikana atafanya nini. Majibu yake yasemwe mbele ya binti, naye aridhie akiwa anajua. Mke akikubali kusubiri, amekubali kwa elimu. Akitaka kuweka sharti, liandikwe. Kisha mshike kalamu na kuandika majina, tarehe, mahari na hali ya kila mmoja kama ilivyo kweli.

Ummu Salama (r.a.) alizuiliwa na watu wa kabila lake, na mwaka wake wa machozi hakuutaka yeye wala mumewe. Isiwe kwamba mwaka wa machozi wa binti wa Hasamba umesababishwa na uzembe wa kalamu zetu.

Tunamuomba Allah (s.w.) awakutanishe waliotengana, na atujaalie kuwa watunzaji wa amana. Wabillahi tawfiq.